Nzi Waliokufa Ganzi

Ndizi zikiiva kupita kiasi jikoni kwetu, wale nzi wadogo wenye macho mekundu hufika bila kualikwa. Mke wangu huwafukuza kwa ncha ya kanga. Mimi siku hizi huwatazama kwanza, kwa sababu wamenikumbusha deni.

Mwaka 1984 nilikuwa nafundisha sayansi. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama akauliza: "Mwalimu, kama mwili wote umetokana na seli moja, jicho linajuaje kuwa jicho?" Nilimjibu kwamba kuna jeni la jicho, jeni la mkono na jeni la nywele, kila moja na kazi yake, kisha nikamwambia akae. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenipa ubao mpana na majibu machache. Ubaya wa jibu lile nimekuja kuujua uzeeni, baada ya mjukuu wangu anayesoma biolojia kuniachia vitabu vyake.

Habari yenyewe inaanzia Vancouver, Kanada. David Suzuki alizaliwa huko mwaka 1936 katika ukoo uliotoka Japani. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya nchi yake iliiondoa familia yao kwa nguvu na kuipeleka kambini, kama ilivyowafanyia maelfu ya wenzao. Baadaye akawa mtaalamu wa jeni katika Chuo Kikuu cha British Columbia. Yeye na wenzake waliwalisha nzi wa matunda kemikali inayoharibu jeni, wakatafuta katika uzao wao nzi walio wazima penye ubaridi lakini huharibikiwa penye joto. Mwaka 1973 walitangaza aina moja ya ajabu. Kwenye nyuzi 22 za Selsiasi nzi hao walitembea na kuruka kama wengine. Kwenye nyuzi 29 walianguka, miguu haisogei. Wakirudishwa kwenye ubaridi, waliinuka baada ya dakika chache wakaenda zao. Aina hiyo ikaitwa shibire, kutokana na neno la Kijapani la kufa ganzi.

Mimi ningeandika ubaoni "jeni la kutembea" na kufunga somo. Lakini Clifton Poodry, Linda Hall na Suzuki waliwatia joto pia mabuu na mabundo, yaani wale ambao viungo vyao vya utu uzima vingali vinajengwa. Waliwatia joto kwa saa chache tu, kisha wakawaacha wakue penye ubaridi. Joto lilipokuja saa fulani, nzi alitoka na kovu jichoni. Lilipokuja saa nyingine, alikosa vinywele, au ukingo wa bawa ulikuwa na mapengo, au miguu iliharibika. Hata kovu la jicho halikukaa mahali pamoja. Kadiri joto lilivyochelewa ndivyo kovu lilivyosogea mbele, kwa kuwa jicho la nzi hujengwa na mstari unaotembea kutoka nyuma kwenda mbele. Hapo nilikiweka kitabu chini. Jeni ni moja, na kiungo kitakachoumia kinategemea saa!

Kazi ya jeni hilo ilijulikana baada ya miaka 18. Mwaka 1983 Kosaka na Ikeda, kwa hadubini ya elektroni, walionyesha kwamba ncha za neva za nzi waliotiwa joto zilikuwa zimeishiwa vifuko vinavyobeba ujumbe kwenda kwenye misuli. Mwaka 1989, katika utafiti mwingine kabisa, protini mpya ilipatikana katika ubongo wa ndama, ikaitwa dainamini. Waliyoipata hawakuwa na habari ya nzi. Mwaka 1991 jeni la shibire liliposomwa, likakutwa kuwa ndilo linalotengeneza dainamini ya nzi.

Seli, msomaji, imezungukwa na utando. Inapotaka kuingiza kitu, utando hubonyea ndani ukawa kifuko chenye shingo. Dainamini hujizungusha kwenye shingo hiyo kama kamba kwenye mdomo wa gunia, hukaza, na kifuko hukatika kikaingia ndani na mzigo wake. Penye joto dainamini ya shibire haifanyi kazi, na vifuko hukwama mlangoni.

Sasa turudi kwenye jicho. Seli changa hupangiana kazi. Ile inayotangulia kuelekea kuwa neva huwazuia majirani wasiwe neva pia, kwa protini iitwayo Delta iliyo juu ya utando wake. Delta huishika protini ya jirani iitwayo Notch, ambayo jeni lake lilijulikana tangu miaka ya 1910 katika maabara ya Thomas Hunt Morgan, New York, kwa mapengo ya mabawa. Kushikana tu hakutoshi. Seli inayosema huivuta Delta yake ndani, na mvuto huo huifungua Notch ya jirani ikatwe. Kipande chake huenda kwenye kiini kuamrisha jeni. Mwaka 1997 Seugnet, Simpson na Haenlin, Ufaransa, walionyesha kwamba dainamini inahitajika kwa msemaji na kwa msikilizaji pia. Ikikosekana, zuio halifiki, na seli ambazo zingekuwa ngozi hukimbilia kuwa neva.

Kumbe jicho haliamui peke yake. Huambiwa na majirani, tena kwa zamu, na milango ikiwa inafanya kazi.

Mwaka jana, zahanati, muuguzi mmoja alinisalimu: "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yule msichana, sasa ana wajukuu. Nilimweleza yote haya akiwa anafunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi mwangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka. Swali lake halikumbuki hata kidogo, anachokumbuka ni kwamba nilimwambia akae. Kisha akaniambia ninyamaze kidogo, kwa kuwa mashine haisomi vizuri mtu akizungumza.