Tambi: Safari ya Chakula Kimoja Hadi Jikoni Unguja

Somo la historia kwa wanafunzi wa elimu ya watu wazima

Mwenye daftari na alifungue, na mwenye kalamu aishike. Kabla sijasema lolote, andika neno hili moja: UTAMBI. Umekwisha? Haya. Sasa futa herufi ya kwanza, ile U. Limebaki neno gani? Limebaki TAMBI.

Utambi ni ule uzi wa pamba unaotiwa katika taa ya mafuta. Utambi mmoja, tambi nyingi, kama vile uzi mmoja, nyuzi nyingi. Lakini tambi ni jina la chakula pia. Mwezi wa Ramadhani ukifika, nyumba nyingi za Unguja, mjini na shamba, huweka sahani ya tambi katika futari. Ukizitazama kabla hazijapikwa, nyembamba na ndefu, utaona mara moja kwa nini jina la taani na jina la jikoni ni moja.

Leo tutauliza maswali matatu. Tambi zilitoka wapi? Zilifikaje kisiwani kwetu, nasi hatulimi ngano? Na kwa nini Wathai, watu wa mbali huko mashariki, walizifanya tambi kuwa chakula cha taifa lao katika miaka ile ile ambayo watu wa Unguja walikosa mchele? Tukimaliza, nitakueleza namna ya kupika tambi za Kithai katika kaango lako mwenyewe.

1. Bakuli lililofunikwa

Mwaka wa 2005 wataalamu walitangaza habari ya bakuli moja la udongo, lililochimbuliwa mahali paitwapo Lajia, nchini China. Bakuli hilo lilikuwa limepinduka, na matope ya gharika yalikuwa yamelifukia. Chini yake zilikutwa nyuzi za chakula za rangi ya manjano, nyingine zina urefu wa nusu mita. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 4,000 hivi. Hazikuwa za ngano. Zilitengenezwa kwa nafaka ya punje ndogo, mfano wa uwele.

Basi tambi ni chakula cha kale. Lakini je, zilitoka China zikaja moja kwa moja Unguja? Sikiliza kwanza habari nyingine. Katika miaka ya 1940, huko Kajengwa karibu na Makunduchi, kusini ya kisiwa chetu, zilifukuliwa sarafu za Kichina za zamani sana. Tena twajua kwamba katika karne ya 15 merikebu za mfalme wa China, chini ya mkuu wao Zheng He, zilifika katika pwani hii ya Afrika ya Mashariki.

Mtu wa haraka atasema, "Kumbe Mchina ndiye aliyetuletea tambi!" La, ndugu yangu, ngoja kidogo. Sarafu moja huweza kupita mikononi mwa wafanyabiashara kumi kabla ya kufika Makunduchi. Sarafu zile zatuonyesha kwamba biashara ya bahari hii ilikuwa ndefu. Hazituonyeshi mtu alikula nini. Mwanafunzi wa historia hasemi zaidi ya ushahidi alio nao.

Ushahidi bora tunao jikoni. Kumbuka jinsi mama au bibi yako anavyopika tambi. Huzivunja vipande, akazikaanga kwa samli au mafuta mpaka zikageuka rangi ya kahawia. Kisha hutia tui la nazi, sukari, iliki na zabibu, akaziacha juu ya moto mdogo mpaka tui likauke. Sasa vuka bahari uende Bara Hindi. Huko wapo watu wanaopika tambi za ngano ziitwazo seviyan. Nao huzikaanga kwa samli, hutia sukari, iliki na zabibu, na Waislamu wa huko huzipika sana siku ya Idi. Tofauti kubwa ni moja: wao hutia maziwa ya ng'ombe, sisi hutia tui. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alilelewa na ng'ombe, mwenziwe akalelewa na mnazi.

Njia yao twaijua. Upepo wa kaskazi uliyaleta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni, na upepo wa kusi ukayarudisha. Katika karne ya 19 Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na Wahindi wengi, hasa wa Kachi na Gujarati, wakaja kufanya biashara katika Mji Mkongwe. Waliokuja na mizigo yao walikuja na mapishi yao pia. Jirani alionja kwa jirani, akaenda kupika kwake kwa kile alichokuwa nacho. Alichokuwa nacho kilikuwa nazi.

2. Karafuu ndani, mchele nje

Sasa tuseme habari ya mchele, maana bila mchele hatutaielewa hadithi ya tambi.

Hapo kale visiwa hivi vilijilisha, tena vililisha wengine. Kisiwa cha Pemba kilikuwa ghala la mpunga, na chakula chake kilipelekwa hata Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya 19 ukaja mkarafuu. Karafuu ilileta fedha nyingi, na kila mwenye nguvu alitaka shamba la mikarafuu. Mashamba hayo yalipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, na sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka mwaka wa 1897. Mwaka wa 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini watu walipanda tena.

Angalia matokeo yake. Ardhi na mikono vilikwenda katika karafuu. Karafuu hailiwi ikashibisha. Ikawa kisiwa kinauza kitu cha kunukia na kununua kitu cha kutia tumboni. Mchele ulikuja kwa meli kutoka Bara Hindi na Burma. Meli zikija, watu hula. Je, zisipokuja?

3. Mwaka ambao meli hazikuja

Mwezi wa Desemba, mwaka wa 1941, Japani iliingia katika Vita Vikuu vya Pili. Mwezi wa Machi, mwaka wa 1942, majeshi yake yaliuteka mji wa Rangoon, bandari kubwa ya mchele wa Burma. Nchi ya Thailand, iliyokuwa ikiitwa Siamu mpaka mwaka wa 1939, nayo ina mchele mwingi; lakini serikali yake ilikuwa imefanya mapatano na Japani. Kwa hiyo milango miwili mikubwa ya mchele ilifungwa.

Unguja ikaona dhiki. Watu walirudi kwenye muhogo, viazi vitamu, ndizi na mtama. Serikali ya Kiingereza ilianzisha mgao wa chakula, na mgao huo haukuwa sawa kwa wote. Watu walitengwa kwa asili zao: Mzungu, Mwarabu, Mhindi, Mwafrika, na haki ya kupata mchele ilifuata jina la kabila lililoandikwa. Hapo chakula kikawa jambo la daftari. Kilichouliza swali hakikuwa tumbo, ilikuwa karatasi: wewe umeandikwa nani?

Fikiri juu ya mtu asiyejua kusoma katika siku zile. Anasimama mbele ya meza. Karani anaandika neno moja mbele ya jina lake, na neno hilo litaamua nini kitapikwa nyumbani kwake jioni. Yeye halisomi. Hajui kama limeandikwa kwa haki au kwa makosa. Ukiulizwa kwa nini mtu mzima ajisumbue na kalamu, toa mfano huo.

Twende Thailand katika miaka ile ile. Mkuu wa serikali alikuwa mwanajeshi, Plaek Phibunsongkhram, aliyeshika uongozi mwaka wa 1938. Alitaka mambo mawili: watu wake wajione taifa moja, na uchumi wao usimame katika siku za vita. Serikali yake ikahimiza watu wale tambi na wauze tambi. Tambi za huko hutengenezwa kwa unga wa mchele, na ufundi wa kuzikaanga ulikuja na wahamiaji wa Kichina. Lakini zilitiwa ukwaju, sukari ya mnazi, pilipili na mchuzi wa samaki, vitu vya nchi ile, zikaitwa "phat Thai". Phat ni kukaanga. Maana yake basi ni "mkaango wa Kithai". Chakula cha mgeni kilivalishwa nguo ya mwenyeji, na leo dunia nzima hukijua kuwa ni cha Wathai.

Umeona mfano wake na wetu? Kule serikali ilihimiza. Huku hapakuwa na amri wala tangazo. Wanawake wa Unguja walifanya kazi hiyo wenyewe, kwa mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kuchujia tui. Watu wote hao wawili waliazima. Lakini mtu akisema leo kwamba tambi za nazi si chakula cha Unguja kwa sababu asili yake ni ng'ambo, mwulize: ni nani aliyezitia tui?

4. Namna ya kupika tambi za Kithai nyumbani

Nenda Darajani, katika soko lililojengwa mwaka wa 1904. Utashangaa, maana karibu kila kitu cha Mthai kipo pale. Tambi za mchele zenyewe zitafute katika maduka makubwa ya mjini. Kwa watu wawili tayarisha vitu hivi:

Tambi za mchele, gramu 200.
Ukwaju, donge la kiasi cha yai dogo.
Sukari guru iliyopondwa, vijiko 2 vya mezani.
Mchuzi wa samaki wa chupa, vijiko 2. Ukikosa, tumia chumvi kidogo na uduvi mkavu uliotwangwa.
Kamba wabichi waliomenywa, viganja viwili.
Mayai 2, na punje 3 za kitunguu thomu.
Choroko zilizochipua, viganja viwili.
Njugu nyasa zilizokaangwa na kutwangwa kidogo, majani ya vitunguu, ndimu na pilipili.

Choroko uzianze siku nne mbele. Ziloweke usiku mmoja, zimwage maji, zifunike kwa kitambaa kibichi, na uzisuuze asubuhi na jioni mpaka zichipue.

Siku ya kupika, loweka tambi katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Usizichemshe. Tambi zetu za ngano hustahimili, lakini za mchele zikichemshwa kisha zikakaangwa huwa uji. Zitoe zikiwa laini za kupindika, lakini bado zina ugumu kidogo. Vuruga ukwaju katika nusu kikombe cha maji ya moto, uchuje, uchanganye na sukari na mchuzi wa samaki. Onja. Iwepo chachu, tamu na chumvi, isiwepo moja inayowashinda wenzake.

Washa seredani na uipepee mpaka makaa yawe mekundu. Siri ya mkaango huu ni moto mkali na kaango lisilojazwa. Ukijaza, maji hutoka na chakula huchemka badala ya kukaangika. Kwa hiyo pika sehemu ya mtu mmoja kwa mara moja. Tia mafuta, kisha thomu, kisha kamba. Kamba wakigeuka rangi, tia tambi na ukwaju wako, ugeuze upesi mpaka zinywe mchuzi wote. Zikiwa kavu mno, nyunyiza maji. Zisukume pembeni, vunja yai mahali palipo wazi, livuruge, lichanganye. Mwisho tia choroko na majani ya vitunguu, geuza mara mbili, epua. Nyunyiza njugu juu, na kila mtu ajikamulie ndimu na kujitilia pilipili.

5. Tunalolichukua katika somo hili

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964, Unguja iliona tena upungufu wa mchele, unga na sukari, na watu wakapanga foleni za mgao. Wazee wengi waliopo leo wanazikumbuka foleni hizo. Na hata leo sehemu kubwa ya mchele unaoliwa visiwani hutoka nje. Kwa hiyo habari ya mwaka wa 1942 si ya kuwekwa kabatini. Kisiwa kinachonunua chakula chake yakipasa kijue chakula hicho kinatoka wapi, na kisisahau kulima muhogo wake.

Kazi yako ya juma hili ni hii. Ukienda dukani, chukua pakiti ya tambi, usome yaliyoandikwa juu yake, herufi kwa herufi, bila kumwomba mtu msaada. Imetengenezwa kwa nafaka gani? Imetoka nchi gani? Yaandike katika daftari lako. Kisha keti na mzee wa nyumbani kwako, umwulize alikula nini mchele ulipokosekana, uyaandike maneno yake kama alivyoyasema. Usidharau daftari lako. Mambo mengi ya jikoni yamepotea kwa sababu waliyoyajua hawakuwa na kalamu.

Maswali

1. Neno "utambi" na neno "tambi" yanahusianaje?
2. Kwa nini sarafu za Kajengwa hazitoshi kuthibitisha kwamba tambi zilitoka China?
3. Karafuu iliibadilishaje njia ya watu wa visiwani kupata chakula?
4. Katika miaka ya vita, mtu asiyejua kusoma alikuwa na hasara gani mbele ya meza ya mgao?
5. Taja vitu vinne vya tambi za Kithai vinavyopatikana Unguja.

Kwaherini, wanafunzi. Tukutane katika somo lijalo, na daftari likiwa na maandishi.