Kadi, karatasi na karata

Fundi wa kadi za mikono hukunja manila katikati, hupitisha rula juu ya mkunjo ili ulale, kisha hubandika vipande vya majani makavu ya mgomba kwa gundi nyeupe. Mbele yake kuna karatasi na kadi, na maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja.

Babu yao ni neno la Kigiriki khartes, karatasi ya mafunjo. Waarabu walilitamka qirtas, pwani ikapata "karatasi". Kwa Kilatini likawa charta. Wareno wakaja na carta, ndizo "karata" za kuchezea. Kiingereza, kupitia Kifaransa, kilileta card, leo "kadi" ya mwaliko na ya mchango wa harusi.

Manila je? Ni jina la mji mkuu wa Ufilipino, kwa kuwa zamani karatasi hiyo ilitengenezwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa huko unaofanana na mgomba.

Na wingi wa kadi ni kadi. "Makadi" yabaki kwenye mazungumzo ya mtaani. Anayeandika mwaliko ayaepuke.