Nyumbu, Ng'ombe na Watu wa Mara

Ukipanda basi Musoma kwenda Mwanza, ukishaipita Bunda utaiona Hifadhi ya Serengeti mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mashamba ya watu hadi Ghuba ya Speke. Wengi hudhani barabara ile imetenga dunia mbili zisizojuana. Historia inasema vingine.

Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki ikateketeza ng'ombe. Njaa ikafuata, watu wakahama, malisho yakageuka vichaka na mbung'o wakashamiri. Wakoloni walipokuja wakakuta pori, wakaliona kuwa ni la tangu kuumbwa ulimwengu. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa.

Lakini sotoka iliua nyumbu pia, hasa ndama wao. Ng'ombe wa wafugaji jirani walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka hata kwa nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kiasi cha 250,000; kufikia 1977 walizidi milioni 1.3. Mtalii anayepiga picha kundi lile haambiwi kwamba neema hiyo ilianzia kwenye zizi la mfugaji.

Wala kuhifadhi hatukufundishwa na wageni. Pale Butiama upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameutunza kwa miiko, kizazi baada ya kizazi, bila bunduki ya askari. Mwana wa kijiji hicho, Mwalimu Nyerere, ndiye aliyetoa tamko la Arusha la Septemba 1961 la kulinda wanyamapori, miaka zaidi ya mitano kabla ya Azimio la Arusha tunalolijua sote.

Nayasema haya kwa ajili ya Nyatwali, kata ya Bunda iliyo kati ya hifadhi na ziwa. Serikali iliamua wakazi wake wahame kwa fidia, wanyama wapate njia ya kufika majini. Kwamba wanyama wana kiu, sibishi. Ninachokataa ni kumwita mkazi wa pale mvamizi. Fidia yake imtoshe kuanza maisha upya, na neno lake lisikilizwe.

Kama chanjo ya ng'ombe iliwaokoa nyumbu, basi uhai wa hifadhi umo mikononi mwa majirani zake. Na jirani aliyeondoka na kinyongo, hata akiona moto unawaka porini, hapigi yowe.