Miaka 41 ya Kutafuta Kidonge cha Saratani ya Damu



Wanafunzi wengi hudhani kwamba dawa huvumbuliwa na mtu mmoja kwa siku moja. Historia ya dawa iitwayo imatinib, maarufu kwa jina la Glivec, inatuonesha vingine. Ilichukua miaka 41 kupatikana, na nusura iachwe njiani, si kwa kuwa haikufaa, bali kwa kuwa wagonjwa wake walikuwa wachache.

Ugonjwa wenyewe ni aina ya saratani ya damu inayoanzia katika uboho wa mifupa. Chembe nyeupe huongezeka polepole kwa miaka, kisha ugonjwa hugeuka kuwa mkali. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwa hadubini kwamba seli za wagonjwa hao zina kromosomu moja fupi kuliko kawaida. Kipande kilichokosekana kilikwenda wapi?

Jibu lilitoka Chicago, kwa mama wa watoto wanne, Dkt. Janet Rowley. Alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, huku wanawe wakimtania kuwa anacheza na wanasesere wa karatasi. Mwaka 1973 alitangaza kwamba kipande hakikupotea: kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande.

Katika miaka ya 1980 ilibainika kwamba mabadilishano hayo huunganisha jeni mbili, nazo hutoa kimeng'enya chenye kasoro kiitwacho BCR-ABL. Kimeng'enya cha kawaida ni kama swichi: huwashwa seli inapotakiwa kugawanyika, kisha huzimwa. Hiki hakizimiki.

Je, yawezekana kuzima swichi hiyo moja bila kugusa nyingine? Wengi walitilia shaka, kwani vimeng'enya vya jamii hiyo ni mamia, na matundu yao ya kupokelea nishati yanafanana mno. Huko Basel, Uswisi, katika kampuni ya Ciba-Geigy, Nicholas Lydon, Alex Matter na mkemia Jürg Zimmermann waliendelea kurekebisha molekuli kidogo kidogo, kama fundi anayechonga ufunguo, mpaka ikaingia katika tundu la ABL na vimeng'enya vingine vichache tu. Dkt. Brian Druker wa Oregon akaijaribu maabara. Seli za saratani zikafa, za kawaida zikasalimika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996.

Hata hivyo kampuni, iliyokwisha kuwa Novartis, ilisita. Wagonjwa wachache, faida iko wapi? Druker alishikilia, na majaribio kwa binadamu yakaanza Juni 1998. Wagonjwa nao hawakukaa kimya: mwaka 1999 walikusanya maelfu ya saini kwenye intaneti wakidai dawa itengenezwe kwa wingi. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu ya 53 ilirudi hali ya kawaida. Mei mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha dawa.

Kisa hakikuishia hapo. Kwa baadhi ya wagonjwa kimeng'enya hubadilika umbo, ufunguo usiingie tena. Ndipo zikaja dasatinib mwaka 2006 na ponatinib mwaka 2012. Bei nayo ilikuwa kikwazo kikubwa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hataza ya dawa hii, na viwanda vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei nafuu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Ndugu wazazi, leo wengi wenye ugonjwa huu huishi miaka mingi, lakini kidonge humezwa kila siku. Kukiacha bila idhini ya daktari kwa kujiona umepona ni kuiwasha tena ile swichi. Nanyi wanafunzi, kumbukeni lile swali la faida. Lau lingeachwa liamue peke yake, dawa hii ingebaki kabatini.