Jinsi Tulivyofika Baba Dogo

Wazee wetu na ndugu wanachama, kabla ya kusoma hesabu za mwaka, yafaa tukumbuke asili yetu.

Nairobi ilianza 1899 ikiwa kambi ya reli, na wengi wetu ni watu wa kuja. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa 1901, na ardhi nyingi ikagawiwa walowezi, baba zetu walilazimika kuifuata fedha mjini. Wakavikwa kipande shingoni, na asiye na kazi alirudishwa rizavu. Tarehe 24 Aprili 1954, katika msako ulioitwa Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa, wengi wakatiwa kizuizini. Uhuru ulipopatikana 1963 watu walizidi kuja, na viwanda vya Ruaraka na Baba Dogo vikawapa kazi.

Siku hizi Nairobi yapokea watu wa Kongo na Sudani Kusini, wengi wakikimbia vita. Twasikia, hata miongoni mwetu, kwamba wamekuja kutunyang'anya kazi. Baba zetu nao waliambiwa mji si wao.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imewapa wakimbizi waliotambuliwa haki ya kufanya kazi. Lakini sheria haimziki mtu, wala haikai matanga. Hiyo ni kazi ya jirani. Vyama kama chetu vilianzwa kwa ajili ya aliyefia ugenini bila wa kumzika. Basi twawaomba, jirani mgeni akitaka kuandikishwa, asikataliwe kwa sababu ya atokako. Mgeni njoo, mwenyeji apone.