Simu Maana Yake Waya

Neno "simu" tulilipata kwa Waajemi, na kwao maana yake ni waya. Vijana mlio madarasani huenda mkacheka, maana simu zenu hazina waya. Lakini kwa muda mrefu mwenye waya ndiye aliyekuwa mwenye soko.

Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza ilifikisha Unguja waya wa chini ya bahari kutoka Aden. Habari za bei ya karafuu, zilizokuwa zikingojea meli kwa majuma mengi, sasa zilipita baharini upesi. Lakini kila neno lililipiwa, hivyo waliofaidika kwanza ni serikali na matajiri, si mkulima.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo ilishikwa na Shirika la Posta na Simu la Tanzania. Wazee wa shule hii wanakumbuka simu ya maandishi: "BABA MGONJWA NJOO." Maneno matatu tu, kwa kuwa la nne lilikuwa na bei yake. Aliyetaka simu nyumbani alingoja miaka.

Sheria za mwaka 1993 zilifungua mlango. Mwaka 1994 shirika liligawanywa: Posta upande wake na Kampuni ya Simu upande wake. Mwaka huo huo Mobitel ilianza simu za mkononi, na ITV na Radio One zikaingia hewani, ambako huku Bara Radio Tanzania ilikuwa imezoea kuwa peke yake.

Kisha mwaka 2008 M-Pesa ilifika kutoka Kenya, ilikoanza mwaka 2007. Kazi ya hawala ya posta ikachukuliwa na kampuni isiyouza hata stempu moja. Hili ndilo fundisho: anayelinda chombo chake akasahau haja ya mteja, huzungukwa na mwingine aliyeiona haja hiyo.

Hata hivyo waya haujafa. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini, kama ule wa 1879, na mengi mnayosoma katika simu zenu hupita katika nyaya za namna hiyo. Basi someni fizikia, hesabu na sheria kwa bidii. Swali la kale lingalipo: waya ni wa nani, na nani anapanga bei yake?