Kijiji cha Uzi Mwekundu

Katika jimbo la Thessalia, nchini Ugiriki, pale mto Pineios unapojipenyeza baina ya milima ya Olympus na Ossa kabla ya kumwaga maji yake baharini, kimejishikiza ubavuni mwa Ossa kijiji kiitwacho Ambelakia, yaani mashamba madogo ya mizabibu. Na msafiri apandaye huko leo, akawakuta wakaazi mia chache tu, hatasadiki kwa wepesi kwamba mwishoni mwa karne ya 18 Félix de Beaujour, aliyekuwa balozi mdogo wa Ufaransa mjini Thessaloniki, aliwakadiria watu wa hapo kuwa 4,000, nao walikuwa wameongezeka mara tatu katika miaka 15.

Watu hao waliletwa na uzi wa pamba uliotiwa rangi nyekundu. Rangi hiyo hutoka katika mmea ambao Waarabu huuita fuwwa, na Wayunani rizari; huachwa ardhini miaka kadhaa hata mizizi yake inenepe, kisha huchimbwa, hukaushwa na kusagwa. Na uzi nao huoshwa kwa maji ya majivu, huchovywa katika mafuta yaliyochanganywa na samadi ya kondoo, huanikwa, huchovywa tena na tena, hutiwa shabu, ndipo mwishowe uingizwe katika sufuria ya fuwwa ichemkayo. Kazi hiyo ilidai subira ya majuma, na ujira wake ulikuwa wekundu usiochujuka kwa jua wala kwa sabuni.

Mwaka 1778 wanakijiji waliunganisha rasilimali zao katika shirika moja: mwenye fedha alitoa fedha, asiye nazo alitoa kazi ya mikono yake, na faida ikagawanywa baina yao baada ya kutengwa fungu la shule na fungu la maskini. Nionavyo mimi, jambo hili lastahili heshima kuliko utajiri wenyewe, kwani lilitendeka chini ya dola ya Kituruki, na kwa watu wa mlimani wasio na bandari. Viwanda vyao 24 vya kutia rangi vilitoa marobota 2,500 kwa mwaka, yakasafirishwa hata Pest, Vienna, Leipzig na Hamburg. Mkuu wao, Georgios Mavros, aliitwa Schwarz na Wajerumani, maana majina yote mawili ni "mweusi". Naye alijenga, tangu 1787 hadi 1798, nyumba ya ghorofa ambayo kuta zake za ndani zimejaa nakshi na michoro.

Lakini siri ya rangi ilikuwa imekwisha vuja zamani, kwani mwaka 1747 Wafaransa waliwachukua mafundi wa Kiyunani wakawafundishe watu wa Rouen. Kisha mitambo ya Uingereza ikasokota uzi kwa bei ambayo mkono wa mtu haukuweza kushindana nayo. Ali Pasha, mtawala wa Ioannina, naye akawalemea kwa kodi. Na mwaka 1811 serikali ya Austria ikashusha noti zake hata sehemu ya tano ya thamani yake, na akiba ya shirika iliyokuwa Vienna ikaangamia. Shirika likavunjika, na watu wakatawanyika. Mwaka 1868, wanakemia wa Kijerumani walipoitengeneza rangi ya fuwwa bila mizizi, Ambelakia ilikuwa imekwisha nyamaza.

Nyumba ya Mavros ingalipo, na wageni huingia kuitazama. Na katika orofa yake ya chini huonyeshwa mahali palipohifadhiwa fedha za shirika.